Walikokwenda watoto wa kike wa filamu za Kitelugu

Dada uliyeanzisha uzi huu umeuliza jambo ambalo nimekaa nalo moyoni miaka mingi: wale watoto wa kike tunaowaona katika filamu za Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, wenye maua kichwani na maneno mengi kuliko umri wao, huishia wapi wakishakua, na je, ni maisha ambayo mzazi angemtakia mwanawe? Walionitangulia wamekujibu kwa jina moja tu, la mwigizaji Sridevi, wakaona hoja imekwisha. Mimi nilisoma Hyderabad, mji mkubwa wa Watelugu, kuanzia 2010 hadi 2013, nikapanga chumba Tolichowki, mtaa ambao wanafunzi wengi wa Kiafrika wa mji ule huishi, na naomba nijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu jina hilo moja linaficha mengi.

Nianze na huyo huyo Sridevi. Alizaliwa mwaka 1963 huko Tamil Nadu na akaanza kuigiza akiwa na umri wa miaka 4. Mwaka 1972, katika filamu ya Badi Panthulu, aliigiza kama mjukuu wa mwalimu mzee, na mwalimu huyo alikuwa N. T. Rama Rao, mwigizaji aliyeheshimiwa na Watelugu hata baadaye wakampa uwaziri mkuu wa jimbo lao. Mwaka 1979, katika Vetagadu, mjukuu yule alirudi mbele ya kamera kama mpenzi wa N. T. Rama Rao yule yule. Hapo katikati imepita miaka 7 tu. Watu huisimulia habari hii kama ushahidi wa kipaji, na kipaji alikuwa nacho bila shaka, lakini mimi kila nikiifikiria naona mtoto aliyenyimwa umri wa kati, ule wa kuwa msichana tu anayekwenda shule na kugombana na wenzake. Kabla ya hapo, mwaka 1976, akiwa na miaka 13, alikuwa ameshachukua nafasi ya mwanamke mzima katika filamu ya Kitamil. Yeye mwenyewe aliwahi kueleza katika mahojiano kwamba maisha ya shule yalimpita, kwa kuwa alitoka utotoni moja kwa moja akaingia katika nafasi za watu wazima. Yaliyofuata mnayajua: filamu za Kihindi zilizojaza majumba ya sinema hadi huku kwetu pwani, Kshana Kshanam ya Kitelugu mwaka 1991, na kifo chake Dubai mwezi Februari 2018. Huyo ni mmoja. Kwa kila mmoja aliyevuka kama yeye, wako wengi waliobaki ng'ambo ya mto, na swali lako, kama nimelielewa vizuri, linawahusu zaidi hao.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa makamo, mjane, aliyeniita "babu" tangu siku ya kwanza. Mimi kijana wa miaka 22 nilishangaa sana, mpaka nilipoelezwa kwamba kwa Kitelugu kijana wa kiume huitwa hivyo kwa upendo na heshima. Jioni alikuwa akipika huku runinga ikiwaka sebuleni, naye ameipa mgongo, na mara kwa mara alikuwa akitaja jina la mtu aliyekuwa akisema kwenye filamu. Nami nikitazama runinga naona uso wa mtu mwingine kabisa. Siku moja nilimwuliza, kwa Kihindi changu cha kuungaunga na Kiingereza chake kidogo, kwa nini anamtaja Roja Ramani ilhali anayeonekana ni mwigizaji mwingine. Alizima jiko, akaja kukaa, akanieleza habari ambayo kwangu ndiyo jibu la swali lako.

Roja Ramani alizaliwa mwaka 1959. Mwaka 1967, akiwa na miaka 7, aliigiza kama Prahlada katika filamu ya rangi ya Bhakta Prahlada iliyotengenezwa na kampuni ya AVM ya Madras. Prahlada ni mtoto wa kiume katika visa vya kale vya Wahindu: baba yake, mfalme Hiranyakashipu, anataka aabudiwe yeye, na mwanawe anakataa kuacha kumwabudu Vishnu, hata anapotupiwa nyoka, anapowekwa mbele ya tembo na anapopewa sumu. Kumpa mtoto wa kike nafasi ya mtoto mtakatifu wa kiume lilikuwa jambo la kawaida katika filamu za visa hivyo, na sioni ajabu, kwa kuwa kilichotakiwa ni sauti laini na uso usio na hofu. Mfalme aliigizwa na S. V. Ranga Rao, mtu wa pande la mwili na ngurumo ya sauti, na uzito wote wa filamu unategemea kumwona mtoto yule mdogo akimjibu jitu lile bila kuinua sauti. Mama mwenye nyumba wangu alinitafutia filamu hiyo Jumapili moja, akaniketisha niitazame yote. Sikujua Kitelugu cha kutosha kufuata mashairi, lakini nilielewa kwa nini mwanamke aliyeitazama utotoni bado alikuwa akimfuatilia yule mtoto miaka zaidi ya 40 baadaye.

Na hapa nigusie jambo dogo linaloonyesha nafasi ya mtoto katika sinema ile. Filamu ya kwanza kabisa ya Kitelugu yenye sauti, iliyoongozwa na H. M. Reddy na kuonyeshwa mwaka 1932, ilikuwa pia kisa cha Prahlada. Kwa hiyo Watelugu waliposikia lugha yao ikitoka kwenye kioo cha sinema kwa mara ya kwanza, mtoto alikuwa ndiye kiini cha hadithi.

Roja Ramani alipokua alijaribu njia ya kawaida. Mwaka 1972 alipata nafasi kubwa katika filamu ya Kimalayalam, Chembarathi, akitumia jina la Shobana, na baadaye akaigiza katika lugha kadhaa za kusini mwa India na katika Kiodia pia. Hakukosa kazi. Lakini kazi iliyomweka ndani ya masikio ya watu ilikuwa nyingine: aliingia katika chumba cha kuingiza sauti, akawa anawasemea waigizaji wa kike wasiojua Kitelugu, na filamu alizozifanyia kazi hiyo zinatajwa kuwa zaidi ya 400.

Ili uelewe uzito wa jambo hili, ni lazima ujue tabia moja ya sinema ya Kitelugu. Kwa miongo mingi wahusika wakuu wa kike wametafutwa nje: Mumbai, Kerala, Tamil Nadu, Karnataka. Watu wa mji ule walinipa sababu nyingi, kwamba familia za Kitelugu zilikuwa zikisita kuwaruhusu binti zao kuigiza, kwamba watayarishaji wanapenda sura mpya na ngozi nyeupe, kwamba jina la mtu wa Mumbai linauza zaidi. Vyovyote iwavyo, uso unatoka mbali na lugha lazima itoke nyumbani. Yule mtoto aliyekulia mbele ya kamera za Kitelugu, anayejua mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kukata neno, hapewi nafasi ya mhusika mkuu kwa sababu watazamaji wanamkumbuka bado kwa jina la "Baby" lililotangulizwa mbele ya jina lake, lakini anaitwa kumpa sauti yule aliyepewa nafasi hiyo. Hii ni dhuluma au ni riziki? Nimebishana na wenzangu sana kuhusu hili. Mimi nasema ni riziki ya halali iliyozaliwa ndani ya upendeleo usio wa haki, na anayeipata anastahili jina lake liandikwe kwa herufi kubwa kama la mwenye uso.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu. Mwaka 2012 wakala mmoja alikuja mtaani kwetu akitafuta Waafrika wachache wa kupita nyuma ya waigizaji katika onyesho la sokoni. Tulikwenda watano. Tulikaa siku nzima kwenye seti nje ya mji, chini ya hekalu la mbao lililopakwa rangi likafanana na jiwe. Mbele yetu alikuwepo mwigizaji mkuu wa kike, msichana wa kaskazini, na mtoto wa kike ambaye nilimkadiria miaka saba, amevaa sketi ndefu ya hariri na asumini kwenye nywele. Msaidizi wa mwongozaji alisimama kando ya kamera na karatasi, akimsomea yule mkubwa maneno kwa sauti, kipande kwa kipande, naye akiyarudia. Haikuwa na shida, maana sauti zote zingeingizwa baadaye studio. Mtoto hakusomewa kitu. Alikuwa anayajua maneno yake yote, na yule mkubwa alipokwama, nilimwona mtoto midomo ikimchezacheza: alikuwa anayajua na ya mwenzake.

Onyesho lile lilirudiwa tangu saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni. Kila kamera iliposimama mtoto alilala papo hapo, juu ya viti viwili vya plastiki vilivyounganishwa, mama yake akimshikia mwavuli na kumfunika uso kwa upande wa sari ili poda isimtoke kwa jasho. Alipoitwa, mama alimwamsha kwa kumpuliza taratibu kwenye kope, na mtoto aliinuka akaenda kusimama kwenye alama yake ya chaki bila kuuliza wala kulia. Wenzangu walimsifu kwamba ana nidhamu. Mimi nilikuwa na mdogo wangu wa rika hilo nyumbani Tanga, aliyekuwa akiamshwa asubuhi kwa vita, na kule kutolia kwake kuliniuma kuliko ambavyo kilio kingeniuma.

Sheria wakati ule ilikuwa dhaifu. Baadaye India iliibadilisha sheria yake ya kazi za watoto mwaka 2016, na kanuni za mwaka 2017 zikaeleza mambo kwa uwazi: mtoto mwigizaji asifanye kazi zaidi ya saa 5 kwa siku, wala saa 3 mfululizo bila kupumzika, wala siku 27 mfululizo, mtayarishaji apate kibali cha mkuu wa wilaya, masomo yasikatizwe, mtoto asilazimishwe, na angalau asilimia 20 ya mapato iwekwe benki kwa jina la mtoto mwenyewe. Ukipima siku ile niliyoiona kwa kanuni hizi, onyesho lile moja peke yake lilimaliza saa zote 5. Mimi asilimia 20 naiona ndogo, lakini ni afadhali kuliko enzi ambazo mtoto hakuwa na ulinzi wa namna hiyo kabisa. Dada, kwa kuwa umedokeza kwamba binti yako ameitwa kwenye tamthilia hapo Dar es Salaam, nakushauri uzichukue kanuni hizo kama zilivyo na kuzidai ziingie kwenye mkataba wake, hata kama hakuna aliyekulazimisha.

Kuhusu wale wanaorudi wakiwa wakubwa, nitataja mmoja tu kwa haraka. Shamili alipendwa na India nzima mwaka 1990 akiwa mtoto mdogo katika filamu ya Anjali ya mwongozaji Mani Ratnam, na tuzo ya taifa ya mtoto mwigizaji bora ikatolewa kwake pamoja na watoto wenzake wawili wa filamu hiyo. Mmoja wao alikuwa Tarun, mtoto wa kumzaa wa Roja Ramani. Tarun alirudi mwaka 2000 kama mhusika mkuu wa Nuvve Kavali na filamu ikafanikiwa mno. Shamili alirudi mwaka 2009 katika Oye!, na baada ya hapo filamu zake zikawa za kuhesabu kwa vidole. Tuzo ilikuwa moja, watazamaji walewale, na sidhani kwamba kuwa mwanaume na kuwa mwanamke hakukuchangia tofauti hiyo.

Nimalizie na Rohini, kwa sababu wengi wenu mmemwona bila kujua. Huyu naye alianza akiwa mtoto mdogo katika filamu za Kitelugu za miaka ya 1970, na naye alipokua akaingia katika chumba cha kuingiza sauti. Katika Geethanjali ya 1989 uso ni wa Girija, sauti ni ya Rohini. Lakini aliendelea pia kuigiza mwenyewe, mwaka 1995 akatajwa katika tuzo za taifa kwa ajili ya filamu ya Stri, na umri ulipompeleka kwenye nafasi za akina mama akazipokea kwa heshima. Katika Baahubali ya 2015 yeye ndiye Sanga, mama mlezi wa shujaa Shivudu, yule anayemwagia maji jiwe takatifu la Shiva mtungi baada ya mtungi ili mwanawe aache kuupanda mlima wa maporomoko.

Nilikuwa nimesharudi nyumbani nilipoitazama, katika kibanda umiza kimoja Mbagala, benchi limejaa vijana na DJ akitafsiri juu ya filamu kwa Kiswahili. Kila Sanga alipofungua kinywa, sauti ya yule DJ ilimfunika. Niliinama mbele, nikatega sikio nyuma ya Kiswahili kile, na kwa sekunde chache DJ alipovuta pumzi nilimsikia mwenyewe, kwa Kitelugu, akimwita mwanawe.