Sikimbizani tena na mtu kwenye kona

Jumapili iliyopita nilipita tena kwenye kona iliyoniangusha miaka miwili nyuma. Niliingia taratibu, kichwa juu, macho yakitafuta inapoishia. Pikipiki ikalala kidogo, ikanyanyuka, kona ikaisha. Mbele yake kuna daraja dogo. Nikasimama hapo, nikavua kofia ngumu na glavu, nikakaa nikisikiliza maji. Mikono ilinitetemeka kwa furaha ambayo sikuwahi kuipata hata siku niliyonunua pikipiki yangu ya kwanza.

Nilipoonyesha picha za safari hiyo, dada mmoja akaniandikia. Ana pikipiki ya cc 150 na ana hamu ya kutoka alfajiri, apande milima, ashuke bondeni, afuate mto na arudi nyumbani kabla ya giza. Kona zinamtisha. Wenzake wanamwambia atazoea akiwafuata wao. Akaniuliza: "Nifanyeje nisibaki nyuma?"

Dada yangu, swali hilo ndilo lililonivunja mtulinga.

Tulikuwa sita. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye msururu na mgeni kuliko wote. Kiongozi wetu alikuwa na pikipiki kubwa na uzoefu wa miaka mingi, na kabla ya kuondoka alisema neno moja tu: "Msiachane." Kilomita za mwanzo zilikuwa tambarare, sina la kusimulia. Shida ilianza tulipoanza kupanda. Kila nikiingia kwenye kona, taa ya mwenzangu wa mbele ilikuwa imeshapotea. Wakati huo sikuelewa kwa nini. Sasa naelewa: wa kwanza akitoka kwenye kona anaongeza mafuta, na wa sita bado yuko katikati anajizuia. Pengo linakua bila mtu yeyote kukosea. Wa mwisho akitaka kuliziba, lazima akimbie kuliko kiongozi, na yeye ndiye mwenye ujuzi mdogo kuliko wote. Hakuna aliyeniambia hivyo. Mimi nilidhani ni uzembe wangu.

Juu kabisa tuliuona mto kwa mara ya kwanza, mstari wa fedha chini ya mabonde. Wenzangu hawakusimama. Nilitaka sana kusimama, lakini nikaona aibu.

Tukaanza kuteremka. Kona yenyewe inakunjia upande wa mwamba, na mwamba unaficha nusu yake ya pili, ambayo inajikaza kuliko nusu ya kwanza. Niliingia kwa kilomita kama 70 kwa saa. Mvua ya usiku ilikuwa imeshusha changarawe na kuimwaga upande wa ndani. Nikaiona, nikaogopa, na macho yakakimbilia kwenye jiwe kubwa la ukingoni. Nilijua sitaki kuligonga, kwa hiyo nikalikodolea macho, na pikipiki ikaelekea kulekule nilikokuwa natazama. Nikabana breki ya mbele kwa nguvu zangu zote huku pikipiki imelala. Gurudumu la mbele likateleza. Nilichokumbuka baadaye ni kelele ya chuma na anga.

Wenzangu walirudi baada ya karibu nusu saa. Kiongozi alinitazama nikiwa nimekaa chini nimeshika bega, akasema, "Si tulikwambia ukaze?" Jioni ile picha ya pikipiki yangu iliyokunjika ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu pamoja na vicheko. Bega lilipona. Lile neno bado linauma, nami sioni sababu ya kuficha. Mtu mzima anayeongoza wengine ana dhamana ya yule wa nyuma kabisa. Kama huwezi kusimama kwenye kila njia panda ukamsubiri, usijiite kiongozi.

Wakati naugulia nyumbani nilisoma sana. Kuna uchunguzi maarufu uliotolewa mwaka 1981 na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California. Yeye na wenzake walikwenda wenyewe kwenye maeneo ya ajali za pikipiki zaidi ya 900 huko Los Angeles. Karibu robo ya ajali hizo hazikuhusisha chombo kingine chochote. Na katika hizo, kwa sehemu kubwa kosa lilikuwa la mwendeshaji, hasa kubana breki kupita kiasi au kuingia kwenye kona kwa mwendo mkali hadi kuchomoka nje. Nilisoma sentensi hiyo nikajiona mimi. Tena waligundua kwamba asilimia 92 ya waliopata ajali walijifunza wenyewe au walifundishwa na jamaa na marafiki. Mimi pia nilifundishwa na rafiki, mchana mmoja, uwanjani. Nilipopona nilitafuta mwalimu, nikalipa, nikaanza upya kama mtoto wa shule. Ninajivunia uamuzi huo kuliko picha zote nilizowahi kupiga.

Sasa nije kwenye swali lako. Mwendo wa kona unaamuliwa kabla ya kona. Funga breki na upunguze gia pikipiki ikiwa bado imesimama wima, kisha ingia ukiwa na mafuta kidogo, yasiyopanda wala kushuka ghafla. Tairi lina uwezo wake wa kushika lami, na uwezo huo unagawanywa kati ya kupinda na kusimama. Ukiutumia wote kupinda, breki haina cha kushika. Na hesabu yake ni kali. Kona unayoipita kwa kilomita 50 kwa saa, ukiipita kwa 70 inalidai tairi karibu mara mbili. Ongezeko la 20 tu! Halafu kumbuka kwamba kwa kilomita 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde, kabla kidole hakijagusa breki. Kwa hiyo kipimo changu siku hizi ni kimoja: niweze kusimama ndani ya barabara ninayoiona. Mwamba ukinificha barabara, mwendo unashuka, hata kama nyuma yangu kuna mtu anapiga honi.

Macho nayo. Tazama pale kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Pakiwa panakukaribia, kona inajikaza, punguza. Pakiwa panakukimbia, kona inafunguka na unaweza kuongeza mafuta taratibu. Ukiona shimo, changarawe au lori, litambue kisha uhamishie macho kwenye nafasi unayotaka kupita. Ni rahisi kuandika na ni vigumu kutenda, kwa sababu hofu inavuta macho. Nilifanya mazoezi kwa miezi kwenye barabara tupu, mwendo mdogo, nikigeuza kichwa kizima hadi shingo ikauma.

Jambo jingine alilonifundisha mwalimu lilinishangaza: ukitaka pikipiki ilale kulia, sukuma kidogo mpini wa kulia kwenda mbele. Gurudumu linageukia kushoto kwa kitambo kifupi sana, na pikipiki inalalia kulia. Wote tunafanya hivyo bila kujua. Wilbur Wright wa ndege ya kwanza, ambaye pamoja na ndugu yake alikuwa fundi wa baiskeli, alisimulia kwamba aliwauliza waendesha baiskeli wengi jinsi wanavyokata kushoto na hakupata hata mmoja aliyeeleza sawasawa alipoulizwa mara ya kwanza. Siku niliyoanza kusukuma kwa kujua, kona ilipokaza ghafla sikuwa na haja ya kubana breki. Nilisukuma zaidi, nikatazama mbele, ikapinda.

Kwenye mteremko mrefu usining'inie kwenye breki. Weka gia ya chini, injini ikushikilie, breki uzitumie kwa vipindi ili zipoe. Na kama una breki ya diski, uliza mafuta yake yamebadilishwa lini. Kwa yale ya DOT 4, yaani daraja mojawapo la mafuta ya breki, kiwango cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini yakishanyonya unyevu kinachotakiwa ni 155 tu. Yakichemka, mkono wa breki unazama hadi mwisho bila kukamata kitu. Upepo wa tairi upime asubuhi kabla hujatoka, tairi likiwa baridi. Hayo ya fundi yanachosha, nayapita haraka, ila usiyaruke.

Barabara ya kando ya mto ndiyo inayowadanganya watu zaidi. Umeshashuka milima, unajiona umemaliza kazi, barabara inakwenda pamoja na maji, upepo mtamu. Lakini bondeni ukungu unakaa muda mrefu kuliko juu. Chini ya miti lami inabaki na unyevu hadi saa sita mchana, na mahali jua lisipofika kabisa huota ukungu wa kijani unaoteleza kama sabuni. Unatoka kwenye mwanga mkali na kuingia kwenye kivuli, na kwa sekunde moja huoni kitu. Vyuma vya kuungia madaraja huteleza vikilowa. Vipite pikipiki ikiwa wima. Na maji yakiwa yamefunika barabara, huioni tena barabara. Geuza. Nimegeuza mara mbili na sijutii hata kidogo.

Simama, dada. Simama sana. Mimi Jumapili nilisimama mara saba. Niliuona ule mstari wa fedha kutoka juu, nikakaa nao robo saa, nikanywa maji. Mwili unaopigwa na upepo unakauka na kuchoka bila kukuambia, na uchovu unaonekana kwanza kwenye kona: unaanza kuchelewa kufunga breki, unaanza kuvuka mstari wa katikati. Ukijiona umekosea kona mbili mfululizo, zima injini.

Umeniuliza ufanyeje usibaki nyuma. Baki nyuma. Kabla ya kuondoka waambie wenzako mtakutana daraja gani na saa ngapi, waambie mbele ya wote, na atakayecheka mwache aende. Mkiweza, anayejifunza akae wa pili, nyuma ya kiongozi, ili mwendo upimwe kwake. Wakikataa, nenda peke yako na umwachie mtu wa nyumbani ratiba ya njia yako, au tafuta mwenza mmoja mwenye subira. Mimi nimempata mmoja. Jumapili alikuwa mbele yangu, na nilipofika kwenye ile kona sikuiona taa yake. Sikuitafuta. Nilimkuta darajani amevua kofia ngumu, ameketi ukingoni, amenitengea nafasi.