Koki ya nje kudondosha: anza na washa

Dada, umesema koki ya uani inadondosha usiku kucha hata ukiikaza kwa nguvu zote. Acha kuikaza, unazidi kuiumiza. Kama maji yanatoka mdomoni, kilichokufa ni washa, kile kipira cha ndani, na bei yake ni ndogo sana kuliko koki nzima. Yakivujia shingoni, chini ya mpini, kaza kidogo tu nati ya pale.

Funga maji kwenye mita au tangi, fungua koki yaliyobaki yaishe, kisha fungua kichwa chake kwa spana. Utakikuta kipira kimechimbika duara, kama kilichopigwa mhuri. Nenda nacho dukani upate saizi ileile. Pitisha kidole pale kinapokalia. Pakiwa na mikwaruzo, washa mpya haitadumu, badilisha koki. Nyingi za nyumbani ni nusu inchi. Nyuzi za koki mpya zizungushie tepu nyeupe ya kuzibia maji, kufuata mwendo wa saa.

Na tafadhali, unapoing'oa ya zamani, shika kiungo cha bomba kwa spana ya pili. Mimi sikushika: bomba la plastiki lilikatikia ndani ya ukuta, tukabomoa plasta siku nzima.