Barua kwa Mwanangu: Nywele Zako na Mlo wa Nyama Tupu

Monduli, Jumapili jioni, mwezi wa kumi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusoma mara tatu, na ile picha ya chanuo nimeikuza mpaka macho yakaniuma. Umeniuliza mambo mawili: kama mlo wa nyama tupu ulioushika tangu mwezi wa tano ndio unaokunyonyoa nywele, na kama uuache au uvumilie, kwa kuwa wenzako wanaoufuata wanakuambia kwamba mwili unajitoa sumu na kwamba nywele zitarudi zenyewe. Nimeona nikujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, tena jambo hili lina hesabu ambazo nataka uzione zimeandikwa.

Nianze na picha. Kwenye ncha ya nywele nyingi zilizonasa katika chanuo kuna kijivimbe cheupe, kidogo kuliko punje ya ufuta. Unywele uliokatika njiani hauna kijivimbe hicho. Wenye nacho umetoka shinani, baada ya kumaliza muda wake. Kila unywele wa kichwani hukua kwa miaka miwili hadi sita au zaidi, kisha hupumzika kwa takribani miezi mitatu, kisha huanguka ili mwingine uote mahali pale pale. Kwa kawaida asilimia 85 hadi 90 huwa zinakua na zilizobaki zimepumzika, ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Lakini mwili ukipata mshtuko, iwe homa kali, upasuaji, uzazi au njaa, nywele nyingi zilizokuwa zikikua huingia mapumzikoni kwa pamoja, na baada ya miezi miwili au mitatu hupukutika kwa pamoja. Madaktari huiita hali hiyo telojeni efluviamu, jina lililotolewa na daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, mwaka 1961.

Mimi niliifahamu kabla sijajua jina lake. Nilipokuzaa mwaka 1995 nywele zangu zilikuwa nene kuliko wakati wowote, na ulipofikisha miezi minne zikaanza kutoka kwa mafungu kila nilipochana. Nilikuwa muuguzi, nimesoma, na bado nililia. Bibi yako mzaa baba alikuwa akiziokota moja moja sakafuni na kuzifukia nyuma ya jiko, asije mtu akazichukua kwa ubaya, huku akisema kwamba mtoto ameanza kumtambua mama yake. Ulipotimiza mwaka, zilikuwa zimerudi. Ninakukumbusha hayo ili uelewe kwamba nywele huchelewa kutoa taarifa. Zinazoanguka kichwani mwako sasa hazisemi ulichokula wiki hii, bali zinasimulia yaliyokupata mwezi wa sita na wa saba.

Na yaliyokupata miezi hiyo uliniandikia mwenyewe, tena kwa furaha: kilo 14 zimeondoka kwa miezi mitatu. Uliniambia kwamba njaa imekwisha kabisa, kwamba asubuhi unakunywa kahawa isiyo na sukari, na kwamba unakula mara moja tu, saa kumi jioni, nusu kilo ya mnofu uliotolewa mafuta yote pamoja na mayai mawili. Nimekaa na kalamu. Nusu kilo ya mnofu mbichi haifiki kalori 800, na mayai mawili ni kama 150. Mwanamke wa umri wako, anayefanya kazi na kutembea, anahitaji karibu 2,000 kwa siku. Ulikuwa unaishi kwa nusu ya chakula, mwanangu, na hukujua kwa kuwa nyama hushibisha na mlo usio na wanga hukata hamu ya kula. Mwili uliokosa nguvu huanza kubana matumizi, na nywele ni kati ya vitu vya kwanza kupunguziwa fungu, kwa sababu mtu anaweza kuishi bila nywele lakini hawezi kuishi bila moyo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba, kwa kadiri ninavyoona, kilichokunyonyoa ni njaa zaidi kuliko nyama yenyewe. Habari ya kujitoa sumu usiisikilize. Nywele si sumu.

Umenitajia pia Wamasai, ukisema kwamba wameishi kwa nyama tangu enzi na enzi na vichwa vyao vimejaa nywele. Nimefanya kazi hapa Monduli miaka mingi, kwa hiyo kwenye hili niruhusu niwe mkali kidogo. Chakula kikuu cha Mmasai wa zamani kilikuwa maziwa, si nyama. Kula nyama mfululizo ni jambo la orpul, kambi ya porini ambako morani huenda kwa muda maalumu na kisha hurudi nyumbani, na hata huko nyama huliwa pamoja na supu iliyochemshwa kwa magome na mizizi, kama ile ya mti wa olkiloriti. Tena mafuta hawayatupi, huyanywa. Zile nywele ndefu za morani zilizopakwa udongo mwekundu, ambazo mama yake humnyoa siku ya eunoto, sherehe ya kumaliza umorani, hazikulishwa mnofu mkavu mara moja kwa siku. Hata Vilhjalmur Stefansson, yule msafiri wa nchi za barafu ambaye wenzako humtaja sana, alipokubali mwaka 1928 kula nyama tupu mwaka mzima chini ya uangalizi wa madaktari wa hospitali ya Bellevue, New York, aliugua ndani ya siku chache alipopewa mnofu peke yake, akapona alipoongezewa mafuta.

Sasa ini. Unasema siku tatu kwa juma unakula robo kilo ya ini la ng'ombe ili upate vitamini unazozikosa kwa kutokula mboga. Nia ni njema, ila umevuka mpaka. Robo kilo ya ini bichi ina zaidi ya mikrogramu 12,000 za vitamini A, ilhali kiwango cha juu kwa mtu mzima ni 3,000 kwa siku, na vitamini hiyo haitoki kwa mkojo kama vitamini C, bali hulimbikizana mwilini. Ikizidi kwa muda mrefu hukausha ngozi, huumiza kichwa na, ajabu yake, hunyonyoa nywele. Kipande cha ukubwa wa nusu kiganja mara moja kwa juma kinatosha. Tena ini jingi ni hatari kwa mimba changa. Sikuulizi kitu, nasema tu.

Hata hivyo, mimi si wa kumaliza ugonjwa kwa kutazama picha, kwa hiyo nenda ukapime. Omba wingi wa damu, feritini, ambayo ni akiba ya madini ya chuma, na TSH, kipimo cha tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Usiseme kwamba mla nyama hawezi kukosa chuma. Hedhi yako imekuwa nzito tangu ukiwa sekondari, na akiba inaweza kuwa imekauka wakati wingi wa damu bado unasomeka vizuri. Kama fedha inaruhusu, ongeza vitamini D na mafuta ya kwenye damu, kwa sababu wapo watu ambao lehemu yao hupanda sana kwa mlo huu. Vile vidonge vya biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, ulivyonunua viache sasa hivi, angalau siku tatu kabla ya kutolewa damu. Kipimo cha tezi kinaweza kutoa majibu ya uongo kwa sababu yake, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hilo mwaka 2017. Tena mtu anayekula mayai yaliyoiva hana sababu ya kukosa biotini. Dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, minoksidili, nayo usiianze kabla hatujajua tunatibu nini.

Mwambie mwenzako mnayekaa naye akutazame kichwani mchana, penye mwanga. Kama upungufu umeenea kichwa kizima, hilo linaafikiana na ninayokueleza. Akiona viraka vya mviringo visivyo na unywele, au magamba na mwasho, au utosini pameanza kuwa laini na kung'aa kama pasipo na vitundu vya nywele, usingoje barua nyingine kutoka kwangu. Hasa hilo la utosini, ambalo huwapata wanawake wenye nywele kama zetu, huacha kovu, na palipoota kovu nywele hazirudi. Ukija huku nitakupeleka Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC. Na kwa sasa fumua hizo rasta. Kichwa kinachopukutika hakihitaji tena uzito wa kukivuta. Twende kilioni iliyosukwa kwa ulegevu inakutosha.

Swali lako la pili, uache au uvumilie, nitalijibu kwa haki ingawa unajua ninavyopenda mchicha. Nywele zako hazidai mchicha. Zinadai chakula cha kutosha. Ukiamua kubaki na nyama, kula mara mbili au tatu kwa siku, acha mafuta kwenye nyama, ongeza samaki, mayai na maziwa, na usikubali kupungua zaidi ya nusu kilo kwa juma. Kama ningekuwa na amri juu yako, ningerudisha maharage, mboga na matunda leo hii, kwa sababu tumbo lako na fizi zako vinahitaji zaidi ya kinachohitajiwa na nywele. Ila amri hiyo iliisha ulipoanza kujilipia kodi ya nyumba.

Usitegemee zitakoma kesho. Zilizokwisha kuingia mapumzikoni lazima zianguke, hivyo hata ukianza kula vizuri leo utaendelea kuziona kwenye chanuo mpaka karibu na Krismasi, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kuanza kununua kila chupa wanayotangaziwa. Chungulia pembezoni mwa kipaji: ukiona vinywele vifupi vilivyosimama na kukataa kulala, ujue zimeanza kurudi. Hukua takribani sentimita moja kwa mwezi, na zetu zenye msokoto huwa pungufu kidogo.

Majibu ya maabara yakitoka, usinisomee kwenye simu. Piga picha karatasi nzima, pamoja na ile safu ya viwango vya kawaida, kwa kuwa kila maabara ina viwango vyake, na uniandikie pembeni ulikula nini juma hilo, bila kunificha.

Mama yako