Sheikh, eti pombe inatoa ukweli wa moyo? Jibu kwa dada anayeandika hadithi

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni dada wa Arua ila nasoma Kampala, na huwa naandika hadithi za Kiswahili. Kwenye hii ninayoandika saa hii kuna wasichana wawili wanakaa chumba kimoja, hosteli ya Kikoni, siku wamemaliza mitihani wakaenda Kabalagala kunywa, wakarudi usiku wamelewa waragi na mmoja wao, ambaye ana mchumba wa kiume na anampenda kabisa, akambusu mwenzake. Asubuhi anajikuta moyo wake unawataka wote wawili, na rafiki yao mwingine anamwambia pombe haidanganyi, imetoa tu kilichokuwa ndani. Kaka yangu kaisoma kakasirika, anasema kuandika hivo ni haramu na swala zangu za siku 40 hazikubaliwi. Naomba kujua: nimefanya dhambi kuandika? Ni kweli pombe inatoa ukweli wa mtu? Na mtu akiwa na hiyo kitu moyoni, bado ni Muislamu?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Hadithi uliyonitumia nimeisoma. Nitaanza na lile swali la katikati, la pombe na ukweli, manake hilo ndo limenikaa, na likieleweka hayo mengine yatakuwa mepesi.

Huu msemo wa kwamba mlevi hasemi uongo uko kila mahali, kwenye malwa, ile pombe ya kienyeji, kwenye stage ya boda, mpaka kwenye ndoa tunazoletewa tusuluhishe, mke anakwambia sheikh alinitukana amelewa kwa hiyo ndo anavyoniona kwa kweli. Mimi siukubali, na siukatai kwa kupenda kwangu, naukataa kwa sababu Quran yenyewe imetuambia mlevi ni nani. Suratun Nisaa aya ya 43, wakati pombe bado haijaharamishwa moja kwa moja, Allah anasema msiikaribie swala hali mmelewa mpaka myajue mnayoyasema. Isome pole pole hapo mwisho. Alama ya kulewa aliyoitaja Mola wetu ni mtu kutojua anachosema. Sasa mtu ambaye Aliyemuumba ameshasema hajui anachosema, wewe unakaa pembeni yake unasema eti leo ndo katoa ukweli wake?

Na sababu ya aya hiyo kushuka, kama ilivyopokewa kwa Tirmidhi na Abu Daud, wakusanyaji wa hadithi za Mtume, ni kwamba masahaba walialikwa chakula wakanywa, wakati wa swala ukaingia, mmoja akatangulia kuswalisha akasoma Qul yaa ayyuhal kaafirun akaivuruga, badala ya kusema siabudu mnachoabudu akasema nasi tunaabudu mnachoabudu. Hilo ni neno la shirki, tena limetoka mdomoni mwa imamu ndani ya swala. Kama pombe inatoa kilicho moyoni basi yule sahaba tungesema ni mshirikina alikuwa amejificha tu, na hakuna aliyesema hivo. Kilichokuja ni katazo la kuswali umelewa, imani ya mtu haikuhojiwa.

Kuna kisa kingine, cha Hamza ami yake Mtume swalla Allahu alayhi wasallam, kiko kwa Bukhari, naye ni mkusanyaji wa hadithi, na kila nikikisoma kinanigusa upya. Ni baada ya vita vya Badr. Ali alikuwa na ngamia wawili anajiandaa kumuoa Fatuma, anataka abebee majani akauze kwa masonara apate hela ya walima, karamu ya ndoa. Hamza yuko nyumba ya jirani anakunywa na Ansari, yaani Waislamu wenyeji wa Madina, kuna mwanamke anawaimbia, akainuka na upanga akakata nundu za wale ngamia akapasua mbavu akatoa maini. Ali kaona vile kashindwa kuyazuia machozi, kaenda kumwambia Mtume. Mtume akajitanda shuka yake akaenda, akaanza kumlaumu Hamza kwa alichofanya, na Hamza macho yamekuwa mekundu, akamtazama Mtume, akapandisha macho mpaka magotini, akapandisha mpaka kitovuni, akapandisha mpaka usoni, ndo akasema: nyinyi si watumwa wa baba yangu tu? Mtume akatambua huyu amelewa, akarudi kinyumenyume mpaka akatoka nje.

Akatoka, basi. Hakumwambia kumbe ami yangu ndo unavyonichukulia siku zote, hakulibeba lile neno kama ushahidi wa kesho. Na yule yule Hamza akaja kuuawa kwenye vita vya Uhud akimtetea mtoto wa ndugu yake, leo tunamuita bwana wa mashahidi.

Nikuongeze moja la mahakamani. Sahaba mmoja, Maiz, alipokuja mwenyewe kukiri zinaa, Mtume aliuliza: amekunywa pombe? Mtu akasimama akamnusa mdomo, hakukuta harufu. Imo kwenye kitabu cha hadithi cha Imam Muslim. Kwa nini anuswe, kama ungamo la mlevi ndo ungamo la kweli kuliko yote? Si wangefurahi kwamba kalewa? Ananuswa kwa sababu angekuwa amelewa maneno yake yangetupwa.

Wataalamu wa ubongo nao hawako mbali na hapo. Pombe inalegeza ile sehemu ya mbele ya ubongo ambayo kazi yake ni kukuzuia na kukuwazisha kesho, na mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Steele na Josephs, walieleza kwamba mlevi anashika kile kilicho karibu yake tu, ya mbali yote yanafifia. Sasa saa nane ya usiku, chumba cha hosteli, aliye karibu ni nani? Na kuna majaribio watu walipewa kinywaji wakaambiwa kina pombe na hakina hata tone, na bado kuna waliojiachia, yaani mtu anafanya kile anachoamini mlevi huwa anasamehewa. Hapo binti yangu ndo pana utamu kwa mwandishi, na naona kwenye hadithi yako umepapita haraka. Pombe mara nyingi ni ruhusa mtu anajipa. Huyo msichana huenda alishajua tangu muhula wa kwanza, alikuwa anatafuta tu siku ambayo akiulizwa atasema nilikuwa nimelewa. Au huenda hakuwa na lolote, alikuwa na furaha ya mitihani kuisha na upweke na giza, na kesho yake hakubaki na kitu. Yote mawili yanawezekana na chupa haiwezi kukwambia lipi. Rafiki yao anayetoa hukumu asubuhi kwamba pombe haidanganyi, yeye anajuaje?

Ukitaka kuona moyo unavyofunguka kwa kweli rudi Surat Yusuf. Mke wa Aziz, yule mkubwa wa Misri, alimtamani Yusuf, akafunga milango, akamrarua kanzu kwa nyuma, akamsingizia, Yusuf akakaa jela miaka, alafu siku mfalme anawauliza wale wanawake, yule mama akasema sasa haki imedhihiri, mimi ndiye niliyemtaka na yeye ni katika wasema kweli. Hiyo ni aya ya 51. Kalisema waziwazi, mbele ya mfalme, akili zake zote anazo, na neno lenyewe linamuumiza yeye. Ungamo la namna hiyo ndo mtu anaweza kulisimamia, na ndo anaweza kutubia kwalo.

Sasa swali la moyo. Mtu akijikuta anavutwa na wanaume na wanawake pia, hajakaribisha wala hajatenda, huyo ni Muislamu na hana dhambi kwa kile kilichompitia moyoni. Mtume amesema, na wameipokea Bukhari na Muslim, kwamba Allah ameusamehe umma wangu yale nafsi zao zinayoyazungumza maadamu hawajayasema au kuyatenda. Kilichokatazwa ni tendo, mwanamke na mwanamke ni haramu, na mwanamke na mwanamume wasiooana vile vile ni haramu, kwa hiyo tusijifanye tunaona kosa la mmoja tu, manake kwenye hizo hosteli la pili ndo tunaletewa kila wiki na wazazi hawashtuki hivyo. Na hata aliyeteleza akatenda, msimamo wa Ahlu Sunna, yaani sisi Wasunni, ni kwamba amefanya dhambi kubwa na mlango wa toba uko wazi, hajatoka kwenye dini maadamu hajakihalalisha alichokiharamisha Allah. Kuna mtu zama za Mtume alikuwa analetwa mara kwa mara kwa ulevi, siku moja mmoja akamlaani, Mtume akasema msimlaani, Wallahi ninachokijua ni kwamba anampenda Allah na Mtume wake. Pombe haikuwa imemuondolea ule upendo. Nawaomba sana maimamu wenzangu waikumbuke hiyo wanapopanda mimbari.

Na hapa nisimame kidogo kwa wote wanaosoma, manake sisi tunaishi Uganda na tunajua hali. Tangu ile sheria ya 2023 ya kupinga ushoga, ambayo kifungo chake kinafika maisha, neno moja tu la mtaani linatosha mtu afukuzwe nyumba au apigwe. Mmekaa mmekunywa, au hamkunywa nyinyi, mmesikia tu fulani akiwa amelewa kasema hivi kambusu vile, alafu unalibeba neno la mtu asiyejua anachosema unalipeleka kwa LC, mwenyekiti wa mtaa, kwa mwenye nyumba, kwa wazazi wake kijijini. Utamjibu nini Allah aliyesema msipelelezane wala msisengenyane? Hata mahakama ya katiba, mwezi wa nne 2024, iliiacha sehemu kubwa ya ile sheria ila ikakifuta kipengele kilichokuwa kinamlazimisha mtu kuripoti mwenzake. Mwenye kumsitiri Muislamu Allah atamsitiri duniani na akhera, hiyo ni hadithi sahihi. Alikuja kwangu kijana mmoja wa boda, kofia ya pikipiki ameikumbatia kifuani kama mtoto, hakuweza hata kukaa, wenzake walikuwa wanamuita jina baya stage nzima kwa jambo alilolifanya usiku mmoja amelewa ambalo yeye mwenyewe halikumbuki, na alishaanza kuamini kwamba kwa kuwa pombe imesema basi ndo yeye huyo, haina haja tena ya kuswali. Nani aliyemfikisha pale? Waliokuwa hawajalewa.

Tuje kwenye kalamu yako. Kutunga hadithi asili yake ni halali kwa wanachuoni wengi, maadamu msomaji anajua ni kutunga na haiti watu kwenye maovu. Mwandishi Al-Hariri wa Basra, aliyefariki 1122, alitunga visa vya mlaghai mmoja, na kwenye kisa cha kwanza kabisa yule mtu anawahubiria watu mpaka wanalia alafu anafuatwa pangoni anakutwa na mtungi wa kileo, na maulamaa wamezisoma na kuzisherehesha karne na karne. Kwa hiyo mlevi kuwemo kwenye hadithi hakuifanyi kuwa haramu. Haramu inaingia pale maneno yanapomvua nguo msomaji. Quran imeeleza tamaa ya mke wa Aziz tukaielewa yote kwa milango iliyofungwa na kanzu iliyochanika, haikuhitaji zaidi, na wewe una kipaji, huhitaji zaidi pia. Zile paragrafu mbili za busu ulizoeleza kwa urefu zipunguze.

Na kuna mtu umemsahau. Yule aliyebusiwa. Na yeye alikuwa amelewa, hakuulizwa, hakuna mahali kwenye hadithi yako anasema kitu, wote wanabishana moyo wa mwenzake umefichua nini. Mwili wa mtu una heshima yake hata akiwa amelala, hata akiwa amelewa, na kulewa kwake sio idhini. Labda asubuhi anajifanya bado amelala ili asikutane na macho ya mwenzake, labda amekasirika, labda na yeye ana lake. Mpe maneno. Na yule mchumba wa kiume naye anaahidiwa ndoa na mtu ambaye moyo wake uko mahali pawili, hana haki ya kuambiwa? Nahisi hadithi yako itakuwa nzito zaidi ukiacha chupa isiseme neno la mwisho, msichana akae siku kadhaa bila pombe, ajue anachosema, alafu aseme.

Sijakuuliza kama hadithi hii ni ya kutunga yote, na sitakuuliza. Kama kuna chako ndani, hujaniambia na sijasikia, na mlango wa swala na dua hauna mtu wa kukunusa mdomo pale.

La mwisho ni la kaka yako, na mpe salamu zangu manake kakasirika kwa kuipenda dini. Hadithi ya siku 40 ipo, wameipokea Tirmidhi na Nasai, ila inamhusu aliyekunywa, wewe hukunywa umeandika, na hata huyo aliyekunywa swala haimuondokei, ni lazima aswali, anachokosa ni thawabu mpaka atubie, na akitubia Allah anampokea. Mtume kwenye pombe amewalaani watu kumi, anayekamua na anayekamuliwa, anayekunywa, anayebeba na anayepelekewa, anayewanywesha watu, anayeuza, anayekula bei yake, anayenunua na anayenunuliwa. Anayesimulia hayumo. Ila ukiipamba mpaka msichana wa miaka 16 huko Arua akatamani kwenda kuijaribu, hapo utakuwa umejisogeza karibu na anayenywesha, kwa hiyo na ule ukurasa wa baa uutazame tena. Swala zako ziko sawa in shaa Allah, usiache hata moja. Wallahu aalam.