Wanaingia 60, wanabaki 11: kabla ya kulaumu nidhamu, piga hesabu ya bando

Meseji ya mwalimu mmoja wa chuo huko Muheza ilikuwa fupi: "Kwenye darasa la mtandaoni wanaingia 60, dakika 20 baadaye wamebaki 11. Hawa watoto hawana nidhamu."

Nidhamu? Mwalimu mwenzangu, shika kikokotoo kwanza. Video ya mubashara inayokula kilobiti 1,000 kwa sekunde inamaliza MB 7.5 kwa dakika, yaani MB 450 kwa saa. Aliyejiunga na bando la GB 1 kwa wiki, kipindi cha tatu kinamkatikia njiani, na hapo hajafungua kitu kingine chochote. Sauti iliyobanwa kwa kilobiti 32 inakula KB 240 kwa dakika. Dakika 8 hazifiki hata MB 2!

Kwa hiyo maelezo ya somo yatoe kwenye video, yatume kama sauti ya dakika 6 hadi 8 pamoja na ukurasa mmoja wa PDF. Mwanafunzi wa Lushoto atapakua akipanda kilimani penye mtandao, kisha atasikiliza nyumbani bondeni bila bando. Mwenye kutumia simu ya mama yake atasubiri mama arudi sokoni. Dhana moja, faili moja. Ukiona umepita dakika 8, ujue umebeba mada mbili.

Kurekodi ndiko kunakoharibu wengi, hasa sisi wa pwani. Masika mvua ikipiga bati hakuna kinachosikika, na upepo wa kusi ukiingia dirishani unavuma kwenye kipaza sauti kama lori. Rekodi alfajiri, chumba chenye godoro na mapazia, maana ukuta mtupu unarudisha mwangwi. Simu iwe shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, si mbele kabisa, la sivyo kila "p" na "b" itapasuka. Weka hali ya ndegeni ili simu ya mtu isikate maneno. Chagua mono, yaani sauti ya mkondo mmoja. Rekodi sekunde 20 za majaribio, zisikilize kwa spika ya simu ya bei nafuu na siyo kwa visikilizi vyako vizuri. Hiyo spika ndiyo wanayotumia wao. Ukimaliza, tuma kama faili lenye jina, mfano W3_S2_Wadai. Ujumbe wa sauti wa kubonyeza na kuongea hauna jina, na wiki ya mtihani hakuna atakayeupata.

PDF andika kwa herufi za ukubwa wa 18. Ukurasa wa A4 wenye herufi 12 ukibanwa kwenye kioo cha simu unageuka sisimizi.

Sasa swali, na hapa ndipo walimu wengi huwa wavivu (samahani, lakini ndivyo). "Mmeelewa?" si swali. Kila sauti ifuatwe na maswali matatu kwenye fomu ya mtandaoni, na kila jibu lisilo sahihi liwe limetegwa kuonyesha kosa fulani. Chukua hili la uhasibu: mfanyabiashara amenunua machungwa ya shilingi 600,000 kwa mkopo, baadaye akalipa 200,000 taslimu. Kimebaki kiasi gani, kwenye akaunti ipi? Weka majibu haya: 400,000 wadai; 400,000 wadaiwa; 800,000 wadai; 200,000 wadai. Sahihi ni la kwanza: wadai ni wanaomdai mfanyabiashara, wadaiwa ni anaowadai yeye. Aliyechagua wadaiwa hajui nani anamdai nani. Wa 800,000 amejumlisha malipo badala ya kuyatoa. Wa 200,000 amechukua kilicholipwa akakiita deni. Bila kumuuliza mtu unajua nini cha kurudia.

Fomu iwe wazi saa 48, si saa moja. Umeme ukikatika jioni, jaribio la saa moja linapima TANESCO, halimpimi mwanafunzi.

Baada ya hapo ndipo uite kipindi cha mubashara, kimoja kwa wiki, dakika 35, kwani Zoom ya bure hukata kwenye 40. Kamera zizimwe, ya kwako pia baada ya salamu. Anza moja kwa moja na swali lililokosewa na wengi. Soma kosa, bila jina la aliyekosea, wape dakika mbili waandike jibu jipya kwenye gumzo, kisha eleza. Ramadhani usiweke magharibi. Subiri watu watoke tarawehe, au weka asubuhi. Intaneti yako itoke kwenye simu yenye chaji, kwa sababu ruta ya ukutani huzimika pamoja na umeme.

Kazi za mkono usizipokee kwenye kundi la WhatsApp. Wanafunzi 60, picha nne kila mmoja, ni picha 240 zilizochanganyika na salamu za Ijumaa. Tumia Moodle ya chuo (mfumo wa kuendesha masomo mtandaoni) kama ipo, au fomu inayopokea faili, na jina la faili liwe namba ya usajili na wiki. Waambie wapige picha mchana karibu na dirisha, daftari likiwa bapa mezani, mwanga utoke ubavuni. Taa ya juu ya kichwa inaangusha kivuli cha mkono juu ya hesabu. Kundi la WhatsApp libaki la matangazo, wasimamizi pekee ndio watume, na la mijadala lifunguliwe kando.