Pembe za Waviking zatoka wapi?

SWALI: Mwanangu kavaa kofia ya pembe kwenye sherehe ya shule, ati yeye Viking. Kweli walivaa hivyo? – Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Wapi dadangu! Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia huko kaskazini mwa Ulaya, hawakuvaa pembe. Pembe ni za jukwaani tu, Mjerumani Carl Emil Doepler ndo aliyebuni mavazi yenye kofia za pembe ya opera (mchezo wa kuimba) ya mtunzi Wagner kule Bayreuth, Ujerumani, 1876 basi watu wakazishikilia mpaka leo, kofia ya Viking hasa iliyopatikana Gjermundbu, Norwei, 1943 ni chuma cha duara, machoni kama miwani, pembe hamna. Mi utamu nauona kwa vyombo vyao vya baharini, mbao zalaliana kama makuti ya paa, zimefungwa misumari ya chuma, ilhali mtepe wetu, chombo cha kale cha pwani, ukashonwa kwa kamba za nazi. Kofia ng'oeni pembe, itafaa.