Herufi zimekonda au zimeminywa?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nauza juisi ya zabibu na ubuyu huku Nkuhungu, Dodoma. Nilipeleka bango la mita 2 kwa nusu mita kwa jamaa wa steshenari, JUISI YA ZABIBU haikuenea basi akaiminya na mausi mpaka ikaenea, sasa jina linaonekana linaumwa. Mi nataka maandishi yenye utani utani lakini yaenee. Nifanyeje?

JIBU: Pole dada, hapo fonti, yaani mtindo wa herufi, haina kosa, kosa ni kuminya. Ukibana herufi ya kawaida kutoka pembeni ile mistari iliyosimama inakonda na ile iliyolala inabaki na unene wake, ndo maana Z yako ina kofia nene na kiatu kinene halafu Y imesimamia njiti. Fonti nyembamba ya kweli imechorwa hivyo tangu mwanzo, mchoraji kaacha mistari iwe minene akapunguza weupe wa ndani ya herufi, kwahiyo herufi zako zote 13 zinaenea na bado zina nyama.

Sasa utani. Kuna Muingereza mmoja, Vernon Adams, alichora fonti ya Anton ambayo ni nene, nyembamba, na imenuna kabisa, hiyo waachie watu wa matangazo ya mikutano. Huyo huyo akachora Bangers, imeinama kama vichwa vya zile katuni za mashujaa wa zamani, we chukua hii. Amatic SC nayo ni yake, kama imeandikwa kwa mkono na inachekesha, ila mistari yake ni uzi, kwa vumbi letu la kiangazi mtu wa ng'ambo ya barabara hasomi kitu, iweke kwenye stika ya chupa. Zote ziko Google Fonts, tovuti ya kupakua fonti, bure, hata kwa biashara. Jamaa wa steshenari akikwambia mtumie fonti ya Impact kwasababu anayo kwenye kompyuta, mh, ni nzuri, ya tangu 1965, ila watu wameizoea kwenye mimu, zile picha za utani za mtandaoni, mpaka juisi yako itaonekana mzaha.

Halafu hiyo Bangers iwe kwenye jina tu! Namba ya simu na bei weka fonti pana ya kawaida, maana 3, 6 na 8 zikibanwa matundu yanazibika na bodaboda anapita mbio anapiga namba ya mtu mwingine. Kabla hujalipa omba akuprintie A4, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua 20 usome.

SWALI: Naweza kutumia hizo hizo kwenye kadi? (Msomaji, Kisasa)

JIBU: Ya sendofu ruksa, jina la bibi harusi likiwa kubwa. Ya michango ya harusi weka kichwa tu, wazee wanataka kusoma tarehe bila miwani. Tangazo la msiba hapana jamani.